Jinsi ya Kutembelea Kituo cha Utamaduni cha Uluru-Kata Tjuta: Mwongozo kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza

Maswali ni yaleyale kila msimu wa likizo. Je, mwamba wa Uluru bado unapandwa? Kiingilio ni kiasi gani? Kwa nini wageni hukatazwa kupiga picha ndani ya kituo? Na kuna haja gani ya kumaliza nusu ya asubuhi ndani ya jengo, ilhali mwamba wenyewe unaonekana pale nje? Wanaoyauliza ni wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Melbourne, Perth, Brisbane na Adelaide, wengi wao wakiwa na asili ya Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, pamoja na jamaa zao wanaofunga safari kutoka nyumbani kuja kuwatembelea. Mwongozo huu umeandikwa ili maswali hayo yajibiwe mahali pamoja.

Jibu la swali la kwanza ni fupi: Uluru haupandwi tena. Njia ya kupandia ilifungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019, na mnyororo waliokuwa wakiushikilia wapandaji umekwisha kuondolewa. Anayekuja kwa nia ya kupanda na aibadili nia hiyo kabla ya kukata tiketi.

Jibu la swali la mwisho ndilo linalobeba mwongozo mzima. Anzia kituoni, usianzie mwambani. Asiyepita kituoni ataona jiwe kubwa jekundu lenye kimo cha mita 348 kutoka uwandani, atapiga picha zake na kuondoka. Aliyepita kituoni ataona ufa fulani katika jiwe hilohilo na kujua ni pigo la nani, lilimpata nani, na kwa kosa gani.

Kituo chenyewe kimo ndani ya hifadhi ya taifa, katika Northern Territory ya Australia, kando ya barabara iendayo mwambani. Kilifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1995, miaka 10 kamili tangu siku serikali iliporudisha hatimiliki ya ardhi hiyo kwa Anangu, Waaborijini ambao ndio wenyeji wake wa asili, nao wakaikodisha serikalini kwa miaka 99 ili iendelee kuwa hifadhi. Tangu hapo hifadhi husimamiwa kwa ubia, na Anangu ndio walio wengi katika bodi yake. Historia inatosha hapo. Iliyobaki utaisoma kwenye kuta za kituo.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo huomba viza ya mgeni ya daraja la 600 kwa njia ya intaneti. Iombe mapema, wala usilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla ya kuipata. Mkazi wa kudumu wa Australia hahusiki na jambo hili.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa anayeingia Australia baada ya kulala katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kama vile Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, ndani ya siku 6 zilizotangulia.
- Pasi ya hifadhi. Wakati mwongozo huu unaandikwa, pasi ya siku 3 ni dola 38 za Australia kwa mtu mzima, na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Kituo hakina kiingilio chake. Pasi hiyo inatosha.
- Malazi katika mji mdogo wa Yulara, ulio nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Ndani ya hifadhi hakuna hoteli wala ruhusa ya kupiga kambi.
- Gari la kukodi, au nafasi katika basi la wageni linalotoka Yulara.
- Chupa za maji za kutosha. Anayetembea wakati wa joto anashauriwa kunywa lita 1 kwa kila saa.
- Kofia pana, viatu vinavyofunika vidole, neti ya kichwani ya kuzuia nzi, na koti zito kama unakwenda kati ya Mei na Agosti.
- Daftari na kalamu. Sababu utaiona katika hatua ya 5.

Wanaotoka Afrika Mashariki wana jambo moja zaidi la kuangalia. Australia ina ukaguzi mkali wa vyakula na vitu vya asili vinavyoingia nchini. Dagaa, viungo, mbegu, kinyago cha mpingo na hata kikapu cha ukindu ulichombebea shemeji yako vyote viandikwe kwenye kadi ya abiria kabla ya ukaguzi. Kitu kilichoandikwa aghalabu hukaguliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, au kuchukuliwa tu bila adhabu. Kilichofichwa humletea mwenyewe faini, na safari ya Uluru huishia kwenye meza ya ukaguzi wa uwanja wa ndege.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua msimu.

Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo ya raha: mchana kuna jua la wastani, ingawa usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya sifuri, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kusikia neno jangwa na kufikiria joto peke yake. Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40 bila taabu, na baadhi ya njia hufungwa kabla ya adhuhuri. Anayesafiri na wazee au watoto wadogo asiende katika miezi hiyo ya mwisho kama ana hiari.

2. Fika Yulara, ulale.

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam wasafiri wengi hupitia Dubai au Doha hadi Sydney au Melbourne, kisha hupanda ndege ya ndani hadi uwanja wa Ayers Rock ulio karibu na Yulara. Kutoka Sydney ni kama saa 3 na nusu angani. Wengine hutua Alice Springs na kuendesha gari umbali unaozidi kidogo kilomita 450. Dereva wa Afrika Mashariki hatapata shida na upande wa barabara, kwa kuwa Australia nayo huendesha kushoto; shida iko usiku. Jua likishazama, kangaruu, ng'ombe na ngamia huvuka barabara bila taarifa. Ndiyo, ngamia: waliletwa katika karne ya 19 kubeba mizigo ya jangwani, kisha wakaachwa, na vizazi vyao vimezagaa mwituni. Panga safari yako ili uwe umefika kabla ya magharibi.

Rekebisha pia saa yako. Northern Territory iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6 na nusu, na ile nusu ndiyo inayowaponyoka watu na kuwafanya waachwe na basi.

3. Nunua pasi ukiwa bado na mtandao.

Pasi hununuliwa kwa intaneti na kutumwa kwa barua pepe. Ihifadhi kwenye simu kama picha, kwa sababu mtandao haushiki kila mahali, na langoni nyuma yako kuna foleni ya magari. Pasi ni ya mtu mmoja na haihamishwi kwa mwingine. Usinunue moja kwa ajili ya gari zima.

4. Panga siku zako kufuata joto.

Katika miezi ya baridi, nenda kituoni asubuhi moja kwa moja kutoka langoni, kisha utembee mwambani mchana uleule. Katika miezi ya joto mpango huo hugeuzwa: siku ya kufika, ingia kituoni alasiri wakati jua ni kali na kuna kivuli, ulale Yulara, halafu alfajiri ya siku ya pili uende mwambani ukiwa tayari unajua unachokitazama, na umalize matembezi kabla ya saa 5 asubuhi. Pasi ya siku 3 inaruhusu haya yote, kwa hiyo usibanwe na pupa. Malango ya hifadhi hufunguliwa kabla ya jua kuchomoza na kufungwa baada ya kuzama, na saa zake hubadilika kadiri mwaka unavyokwenda, ziulize ulikofikia.

Wengi hupenda kwanza kutazama mapambazuko, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuyatazama mapambazuko, kupiga picha kumi, kisha kurudi hotelini kulala na kudhani kwamba Uluru imekwisha.

5. Zima kamera kabla ya mlango.

Hakuna kupiga picha wala video ndani ya kituo, kwa kamera wala kwa simu. Katazo hili halikuwekwa ili wauze kadi za picha. Maandishi, michoro na sauti zilizomo ni mali ya watu mahsusi na familia mahsusi, nao wamekubali zionekane na zisikike pale, si kwingineko. Tena kwa Anangu jina na sura ya marehemu hustahiwa kwa muda mrefu baada ya msiba, na picha iliyosambaa mitandaoni hairudishwi. Hapa ndipo daftari lako linapofanya kazi. Mimi binafsi naona katazo hili ndilo zawadi kubwa ya kituo kwa mgeni, maana mtu asiye na simu mkononi husoma ukuta hadi mwisho.

6. Litazame jengo kabla ya kuingia.

Msanifu wake, Gregory Burgess, alilibuni akiwa pamoja na Anangu, na wazo lililotoka kwao ni la nyoka wawili: Kuniya, chatu jike, na Liru, nyoka mwenye sumu. Ndiyo maana kituo ni majengo mawili yaliyopinda, yenye mapaa ya mawimbi, yanayotazamana yakiwa na uwanja katikati. Hutaona kona kali. Kuta ni za matofali ya udongo wa palepale, na ukiukaribia ukuta utaona rangi yake haitofautiani na mchanga uliokanyaga ulipotoka garini. Zunguka polepole, ukumbuke hayo majina mawili ya nyoka, kwa kuwa utakutana nayo tena ndani na kisha mwambani.

7. Pita katika ukumbi wa Tjukurpa bila haraka.

Hiki ndicho kiini cha ziara, nacho kinadai walau saa nzima. Tjukurpa kwa Anangu ni sheria, imani, historia na elimu ya mazingira kwa pamoja: inaeleza jinsi viumbe wa mwanzo walivyosafiri na kuiumba nchi, na kutokana na safari hizo inaamua nani aoe wapi, nani atunze kisima kipi, nyama igawanywe vipi, na nyasi zichomwe lini. Usiisome kama ngano za kale. Kwa wanaoiishi ni jambo la leo.

Sikiliza kwanza sauti, kisha usome. Utasikia Anangu wakizungumza Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, na maelezo ya Kiingereza yako pembeni. Kisa cha kufuatilia hasa ni cha Kuniya, kwa sababu utakiona tena mwambani kwa macho. Chatu huyu wa kike alikuja kutoka mashariki akiwa amebeba mayai yake. Mpwa wake alivamiwa na kundi la mashujaa wa Liru, akauawa kwa mikuki upande wa kusini-magharibi wa mwamba, na matundu yaliyobaki jiweni ni alama za mikuki hiyo. Kuniya alipomfikia shujaa mmoja wa Liru pale kwenye bwawa la Mutitjulu, chini ya mwamba, shujaa yule alimcheka. Kuniya akaanza kucheza ngoma nzito, akachota mchanga na kuutupa ili kuituliza hasira yake isidhuru kila kitu kilichopo, lakini hasira ilikuwa kubwa mno. Akampiga kichwani kwa fimbo yake ya kuchimbia. Pigo la kwanza likamjeruhi, la pili likamuua. Andika daftarini: mapigo mawili, moja fupi na moja refu. Katika hatua ya 10 utayatafuta.

Pengine utaona kwamba masimulizi hukatika mahali ambapo ungetaka yaendelee. Hayakukatika kwa bahati mbaya. Elimu ya Tjukurpa hutolewa kwa ngazi, kulingana na umri, jinsia na wajibu wa mtu, na kinachoelezwa kwa wageni ni kile anachoelezwa mtoto. Yako mambo ya wanaume ambayo mwanamke wa Kianangu mwenyewe hayajui, na ya wanawake yasiyosikika na wanaume. Msomaji aliyekulia palipo na jando na unyago hahitaji maelezo marefu zaidi: yanayosemwa ndani ya kumbi hayatangazwi sokoni, na anayeyadodosa anajiaibisha mwenyewe.

Usiache maelezo ya mimea na wanyama. Yamechanganywa na masimulizi kwa makusudi, kwa sababu Anangu hawayatenganishi. Utasoma juu ya chungu wa asali wanaofukuliwa chini ya mizizi ya miti, juu ya mabuu yanayoliwa, na juu ya uchomaji wa nyasi kwa vipande vidogovidogo wakati wa baridi ili majira ya joto yasilete moto mkubwa. Ujuzi huo wa kuchoma ulipobanwa katika miongo iliyotangulia, nyasi zilirundikana, na moto wa mwaka 1976 ukateketeza sehemu kubwa ya hifadhi. Sasa wahifadhi huchoma kwa kufuata utaratibu wa wazee. Utakutana pia na mala, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu aliyekuwa ametoweka katika eneo hilo na kurudishwa mwaka 2005 ndani ya uzio usiopitika kwa paka na mbweha. Mala ni mnyama, na papo hapo ni mababu wa watu; njia mojawapo ya mwambani ina jina lake.

8. Nenda kwenye meza ya taarifa na uulize mambo manne.

Uliza njia zipi ziko wazi leo, joto linatabiriwa kuwa nyuzi ngapi, kama kuna matembezi ya bure yanayoongozwa na mhifadhi katika njia ya Mala na yanaanza saa ngapi, na kama kuna eneo lililofungwa kwa sababu za kimila. Ukitajiwa saa kwa Kiingereza, igeuze papo hapo na uiandike, maana saa 8 yao ya asubuhi ni saa 2 yetu. Ukikutana na mmoja wa Anangu kazini, salamu ni "palya", na neno hilohilo hutumika kuagana.

9. Nunua sanaa palepale, na uulize nani aliitengeneza.

Ndani ya kituo kuna maduka ya sanaa yanayomilikiwa na Anangu wenyewe, likiwemo la Maruku, ushirika ulioanza miaka ya 1980 na unaokusanya kazi za wasanii kutoka vijiji vingi vya jangwa la kati, na la Walkatjara, ambalo ni la wachoraji wa kijiji cha Mutitjulu. Usikimbilie michoro mikubwa ya rangi. Chukua mkononi kipande cha mbao kilichochongwa, tuseme mjusi au bakuli la piti ambalo wanawake hubebea chakula, ukigeuzegeuze. Mistari myeusi uionayo haikupakwa rangi. Waya huwekwa motoni hadi uwe mwekundu, kisha hukandamizwa juu ya mbao, na kila mstari ni kovu la moto. Ukipitisha kidole utahisi kijifereji chake, na ukinusa baadhi ya vipande vipya utasikia harufu ya mbao iliyoungua.

Kazi halisi huambatana na jina la msanii na kijiji chake. Pasipo na jina, uliza. Wakishindwa kujibu, iache. Biashara ya vitu bandia nchini humo si uvumi: mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliitoza kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi za mikono ya Waaborijini. Na tafadhali usiulize didgeridoo. Hiyo ni ala ya watu wa kaskazini ya mbali, si ya Anangu, na swali hilo ni sawa na kumwendea mpiga taarab wa Unguja ukamdai ngoma za Burundi.

10. Sasa nenda mwambani.

Anayependa kutembea anaweza kuliacha gari kituoni na kufuata njia ya Liru, kilomita 2 za tambarare kupitia vichaka hadi chini ya mwamba kwenye maegesho ya Mala. Kumbuka kwamba kurudi ni kilomita 2 nyingine. Karibu na kituo hukodishwa pia baiskeli.

Njia ya Mala ni kilomita 2 kwenda na kurudi, na ndiyo nzuri zaidi kwa mwenye muda mfupi: ina mapango yenye michoro ya kale, pango la wazee, jiko la wanawake, na mwishoni korongo la Kantju. Njia ya Kuniya, kilomita 1 kwenda na kurudi, inafika kwenye bwawa la Mutitjulu. Simama hapo na utoe daftari. Tazama ukuta wa mwamba ulio juu yako utafute mapigo mawili, fupi na refu, kisha ufuate mstari mweusi wa mawimbi ulio jirani, ambao ni Kuniya mwenyewe. Mzunguko kamili wa mwamba ni kilomita 10.6, na mtu wa kawaida huumaliza kwa saa 3 na nusu hivi. Ni matembezi mazuri, ila asiyeyaweza asijilaumu. Mala na Kuniya zinampa karibu yote yaliyosimuliwa kituoni.

Katika mzunguko huo utakutana na mabango yanayosema kwamba sehemu iliyo mbele ni nyeti na haipigwi picha. Angusha kamera hadi bango la kumalizia. Picha ya mbali inayoonyesha mwamba mzima kutoka vituo vya kutazamia jua haina tatizo.

11. Kama muda upo, nenda Kata Tjuta.

Ni vilele 36 vya mawe, kilomita kama 50 kwa barabara kutoka Yulara. Kituoni hutapata mengi juu yake, kwa kuwa Tjukurpa ya huko ni ya wanaume na haitolewi kwa wageni. Tembea katika njia zilizowekwa tu: Walpa, ya kilomita 2.6, au Bonde la Upepo, ya kilomita 7.4.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kosa la kwanza ni kufika kituoni saa moja kabla ya kufungwa, "tupitie tu". Saa 2 ndizo za chini kabisa, na mwenye watoto aongeze.

La pili ni kuwapiga picha watu. Wachoraji hukaa chini wakifanya kazi mbele ya wageni, na kwa kuwa wako wazi, wengi hudhani wamejitolea kupigwa picha. Omba ruhusa, na ukikataliwa usiombe mara ya pili.

La tatu ni kuokota kijiwe au kiganja cha mchanga kwa ajili ya kumbukumbu. Sheria ya nchi inakataza. Hifadhi hupokea mara kwa mara vifurushi vya mawe yaliyorudishwa kwa posta na wageni wa nchi mbalimbali, pamoja na barua za kuomba radhi.

La nne ni kukunja kona na kuingia kijiji cha Mutitjulu ili "kuona wanavyoishi". Ni makazi ya watu, si sehemu ya ziara, na haingiliki bila kibali. Vilevile usirushe droni popote ndani ya hifadhi.

UKIKWAMA

Pasi haikufika kwenye barua pepe. Angalia kwanza sanduku la taka la barua pepe. Ikikosekana, waeleze wahudumu wa langoni na uonyeshe malipo kwenye simu. Pasi huweza pia kununuliwa hapohapo kwa kadi ya benki.

Njia uliyoitaka imefungwa kwa joto. Bonde la Upepo, kwa mfano, hufungwa kuanzia kituo cha kwanza cha kutazamia ifikapo saa 5 asubuhi siku inayotabiriwa kufika nyuzi 36. Usiruke kizuizi. Rudi kituoni umalizie ulichokiruka, na njia uiendee alfajiri inayofuata.

Eneo limefungwa kwa sababu za kimila. Hutaelezwa sababu, na haifai kuidai. Chagua njia nyingine.

Hukumwona hata mmoja wa Anangu. Hili hulalamikiwa sana. Wengi wao hufanya kazi zisizoonekana na mgeni, na wengine hawapendi kurudia majibu yaleyale mbele ya wageni kila siku, jambo ambalo ni haki yao. Matembezi yanayoongozwa na mafunzo ya uchoraji yanayotolewa na wasanii ndiyo njia ya uhakika ya kukutana nao kwa heshima.

Unasafiri na mtu mwenye kiti cha magurudumu au mzee asiyetembea sana. Kituo, njia ya Kuniya na sehemu kubwa ya njia ya Mala zinapitika bila ngazi.

Mzazi wako hajui Kiingereza. Maandishi yote ni ya Kiingereza na ya lugha za wenyeji. Tangulia wewe siku ya kwanza, uandike visa daftarini, kisha umsimulie kwa Kiswahili mkiwa mbele ya kuta. Ongezeni muda.

Nzi wamekushinda. Vaa neti, dawa ya kupaka haiwatishi sana. Yulara zinauzwa.

Gari linaonyesha mafuta kidogo ukiwa ndani ya hifadhi. Humo hakuna kituo cha mafuta. Rudi Yulara kabla ya kwenda Kata Tjuta.

Mtu amezidiwa na joto: ameacha kutoka jasho, anaongea bila mpangilio au anatapika. Mlaze kivulini, mlegeze nguo, mlowanishe maji mwili mzima na umpepee, mpe maji kidogokidogo kama ana fahamu, kisha upige 000, namba ya dharura ya Australia nzima. Simu isiposhika, mmoja wenu abaki na mgonjwa na mwingine aende kwenye maegesho ya karibu au kituoni, ambako wahudumu watawaita wahifadhi kwa redio.